Faili Dogo Linalobeba Mazoea ya Mkono

Programu za usanifu, yaani zile zinazotumiwa kuchora ramani za majengo, kupanga kurasa za magazeti na vitabu, kurekebisha picha na kuunda nembo, zina mamia ya amri, na amri hizo huweza kutolewa ama kwa kupeleka kipanya kwenye menyu na kuchagua, ama kwa kubonyeza kitufe kimoja au vitufe kadhaa kwa pamoja. Njia hii ya pili huitwa njia ya mkato ya kibodi, au mkato kwa ufupi. Kila programu huja na mikato iliyopangwa na watengenezaji wake, ambayo huitwa mikato ya chaguo-msingi, lakini karibu programu zote kubwa za usanifu humruhusu mtumiaji kuibadilisha na kujiwekea ya kwake, na ndiyo sababu mtu aliyeifanya kazi hii kwa miaka mingi huwa na seti ya mikato isiyofanana na ya mwenzake wa meza ya pili. Seti hiyo huhifadhiwa ndani ya faili dogo, katika folda ambayo watumiaji wengi hawajawahi kuifungua, na toleo jipya la programu linaposakinishwa, faili hilo husahaulika kuliko yote.

Makala haya yanashikilia kwamba seti ya mikato ni sehemu ya kazi ya msanifu mwenyewe, na inastahili kutunzwa jinsi michoro na kurasa zake zinavyotunzwa: ipewe jina, iwekewe nakala rudufu mahali pengine, na ikaguliwe kila programu inapobadilika, bila kuiachia programu ihamishe kile inachoweza tu.

Thamani ya mkato ilipata kipimo zamani. Mwaka 1980 watafiti Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walichapisha mbinu ya kukadiria muda ambao mtu mzoefu hutumia kukamilisha kazi kwenye kompyuta, wakaieleza kwa mapana katika kitabu chao cha mwaka 1983 kuhusu saikolojia ya matumizi ya kompyuta. Katika mbinu hiyo kila tendo dogo lina muda wake: kubonyeza kitufe huchukua takriban sekunde 0.2 kwa mpiga chapa stadi wa wastani, kuelekeza kishale kwenye sehemu fulani ya skrini sekunde 1.1, kuhamisha mkono kutoka kwenye kibodi hadi kwenye kipanya sekunde 0.4, na kujiandaa kiakili kabla ya kutenda sekunde 1.35. Wasanifu wana hali yao ya pekee, kwa kuwa mkono mmoja, aghalabu wa kulia, haubanduki kwenye kipanya au kwenye kalamu ya kuchorea, na ule wa kushoto hukaa juu ya kibodi. Kwa hiyo kinachowagharimu zaidi si kuhamisha mkono bali ni kishale kuondoka pale kazi ilipofikia. Anayetaka amri iliyo kwenye menyu hupeleka kishale juu ya skrini kwa sekunde 1.1, akabofya kwa 0.2, akashuka hadi kwenye amri yenyewe kwa 1.1, akabofya tena kwa 0.2, kisha akarudi palepale alipokuwa kwa 1.1 nyingine, jumla sekunde 3.7, ilhali mkato wa vitufe viwili huitoa amri hiyohiyo kwa sekunde 0.4 na kishale hakisogei hata kidogo. Kwa mtu anayetoa amri 500 kwa siku, tofauti hiyo hufika sekunde 1,650, yaani karibu nusu saa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haigusi jambo lililo zito zaidi. Mkato uliozoeleka hauhitaji maandalizi ya kiakili, kwa sababu ujuzi wake umehama kutoka kichwani ukakaa vidoleni, na msanifu akiulizwa ghafla ni vitufe gani anavyobonyeza ili kuunganisha maumbo mawili, huenda ashindwe kuvitaja mpaka aweke mkono juu ya kibodi. Ujuzi wa namna hii ukivurugwa, mtu haishii kupungukiwa na maarifa, bali huanza kukosea, kwa maana vidole huendelea kubonyeza vilivyozoea na programu nayo hutii amri ambayo hakuna aliyeikusudia. Tabaka la mchoro hufutwa, ukurasa huruka, kipimo hubadilika, na pengine kosa haligunduliki mpaka kazi imefika mtamboni. Zaidi ya hayo, kujifunza mkato mpya juu ya ule wa zamani ni kazi ngumu kuliko kuujifunza mara ya kwanza, kwa kuwa kuna zoea linalopaswa kuondolewa kwanza.

Nguvu ya mazoea haya inaonekana katika historia ya kibodi yenyewe. Mpangilio wa herufi unaojulikana kama QWERTY ulitokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, na umedumu mpaka leo ingawa vyuma vya taipureta vilivyouzaa havipo tena. Ndivyo ilivyo pia kwa mikato. Utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika ulistawishwa na Larry Tesler na Tim Mott katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, katikati ya miaka ya 1970, walipokuwa wakitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy. Kisha kompyuta ya Lisa, iliyotolewa na Apple mwaka 1983, ikavipa vitendo hivyo pamoja na kile cha kutendua herufi za Z, X, C na V, zilizopangana kwenye safu ya chini ya kibodi. Herufi hizo nne zimeenea karibu katika kila programu ya maandishi na picha, na mtengenezaji ambaye angezihamisha leo angewapoteza wateja wake.

Makampuni yanalijua jambo hili, na ushahidi umo ndani ya bidhaa zao. InDesign ya Adobe ilipoingia sokoni mwaka 1999, kazi ya kupanga kurasa ilikuwa imetawaliwa na QuarkXPress, na Adobe ikaweka ndani ya programu yake seti ya mikato inayofuata ile ya QuarkXPress 4.0, na baadaye nyingine inayofuata PageMaker, ili mpangaji kurasa aweze kubadili programu bila kubadili mkono. Inkscape, programu huria ya kuchora, nayo huja na seti zinazoiga mikato ya Illustrator na CorelDRAW. Kampuni inayobeba mikato ya mshindani wake ndani ya bidhaa yake imekiri waziwazi kwamba mazoea ya mkono yana uzito katika uamuzi wa mnunuzi, na ni ajabu kwamba watumiaji wenyewe ndio wanaoyathamini kidogo zaidi.

Zamani kuhamia toleo jipya kulikuwa tukio la nadra, kwa sababu ofisi ilinunua programu mara moja na kuitumia kwa miaka mingi. Hali ilibadilika Adobe ilipohamia mfumo wa kulipia kwa mwezi au kwa mwaka mnamo 2013, na Autodesk ilipoacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD, programu yake ya kuchora ramani za majengo, mnamo 2016. Toleo jipya sasa huja kila mwaka, wakati mwingine bila mtumiaji kulitafuta, na kila linapokuja huwa na nafasi ya kuiacha mikato nyuma.

Mikato huachwa kwa njia kadhaa, na ya kwanza haina ubaya wowote ndani yake. Programu nyingi huweka mipangilio ya mtumiaji katika folda yenye namba ya toleo, kwa hiyo toleo jipya hujitengenezea folda yake na kuanza kusoma humo, na faili la zamani hubaki salama mahali pake bila kusomwa na yeyote. Mtumiaji hudhani kwamba mikato yake imefutwa, akaanza kuipanga upya kutoka kwenye kumbukumbu, kumbe ipo kwenye diski ileile, folda moja tu kando. Njia ya pili ni ya amri zenyewe kubadilika: watengenezaji hupanga menyu upya, huunganisha amri mbili kuwa moja au huondoa chombo kisichotumika sana, na mkato uliokuwa ukiielekea amri hiyo hubaki bila mahali pa kwenda. Njia ya tatu ni ya mgongano, pale kitu kipya kinapokuja na mkato wake wa chaguo-msingi ambao mtumiaji alikwisha kuupa kazi nyingine. Ya nne, inayoumiza zaidi kwa kuwa ingeweza kuepukwa, ni ya mtumiaji kuandika mabadiliko yake ndani ya sehemu ya watengenezaji.

AutoCAD, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo bado inategemewa katika ofisi nyingi za wasanifu majengo na wahandisi, inafaa kuchunguzwa kwa karibu, kwa kuwa mikato yake ni ya aina mbili na kila aina ina makazi yake. Aina ya kwanza ni vifupisho vya amri: mchoraji huandika herufi moja au mbili kisha akabonyeza Enter, kwa mfano L kwa mstari, C kwa duara, CO kwa kunakili, M kwa kusogeza na TR kwa kukata kipande cha mstari kilichozidi. Vifupisho hivi vimeandikwa katika faili la maandishi matupu liitwalo acad.pgp, ambalo linaweza kufunguliwa kwa programu rahisi kama Notepad, na kila kifupisho kina mstari wake: kwanza herufi, kisha koma, kisha nyota iliyoshikana na jina la amri. Mchoraji anayenakili mara nyingi kuliko anavyochora duara huweza kutaka herufi C pekee iwe ya kunakili, naye huandika hivi:

C, *COPY

Faili hilo lina jambo moja ambalo lingewaokoa wengi kama lingejulikana zaidi. Karibu na mwisho wake imetengwa sehemu ya vifupisho vya mtumiaji, na maelezo yaliyomo humo yanaeleza kwamba mabadiliko na nyongeza zote ziwekwe hapo ili zihamishwe vizuri toleo jipya linapokuja, na kwamba kifupisho kikionekana mara mbili ndani ya faili, kile kilicho katika sehemu ya mtumiaji ndicho kitakachofuatwa. Wengi hawafiki huko chini. Hutafuta mstari wa C ulioandikwa na watengenezaji, wakaubadilisha palepale, na mabadiliko yao hufanya kazi vizuri mwaka mzima, jambo linalowathibitishia kwamba hawakukosea. Toleo jipya linapokuja na sehemu yake mpya ya watengenezaji, mstari waliougusa unaweza kurudi ulivyokuwa, na C ikawa duara tena. Mtu aliyeandika mstari wake chini, katika sehemu yake, huhitaji tu kuinakili sehemu hiyo na kuibandika mwishoni mwa faili jipya, kisha kutoa amri ya REINIT, ambayo huifanya AutoCAD isome faili upya bila kufungwa na kufunguliwa.

Aina ya pili ni mikato ya kweli ya kibodi, ile ya kushikilia Ctrl au Shift pamoja na kitufe kingine, na hii hukaa katika faili lenye kiambishi cha CUIX, ambalo limetumika tangu AutoCAD 2010 na ambalo hubeba pia menyu na vibao vya zana. Hapa pia kuna faili la watengenezaji, acad.cuix, na faili la mtumiaji, custom.cuix, lililowekwa makusudi ili mtu aweke humo vitu vyake bila kugusa lile kubwa. Dirisha linalofunguka kwa amri ya CUI lina ukurasa wa kuhamisha, ambako faili la zamani hufunguliwa upande mmoja na jipya upande wa pili, na vitu vikaburutwa kutoka huku kwenda kule kimoja kimoja. Ni kazi ya polepole, lakini ni bora kuliko kulichukua faili zima la toleo la zamani na kulifanya badala ya acad.cuix la toleo jipya, kwa kuwa anayefanya hivyo hujinyima menyu za vitu vipya alivyovilipia. AutoCAD inayo pia huduma yake ya kuhamisha mipangilio kutoka toleo la zamani, na inafaa kutumiwa. Ila matokeo yake yakaguliwe kabla ya kuaminiwa.

Kwa wapangaji wa kurasa, hali ya InDesign ni nyepesi kidogo, kwa sababu programu yenyewe hairuhusu seti ya chaguo-msingi kuguswa. Anayetaka kubadilisha mkato hulazimika kuunda seti mpya inayotokana na mojawapo ya zilizopo na kuipa jina, na seti hiyo huandikwa katika faili lenye kiambishi cha indk. Kwenye Windows faili hilo liko ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha, kisha katika folda ya Roaming, ya Adobe, ya InDesign, ya namba ya toleo, ya lugha, na mwisho ile ya seti za mikato. Kwenye kompyuta za Apple liko ndani ya folda ya Library ya mtumiaji, ambayo nayo imefichwa. Njia hiyo ndefu ina vituo viwili vya kuzingatiwa. Kituo cha namba ya toleo humaanisha kwamba InDesign 2024 husoma folda ya toleo la 19 na InDesign 2025 husoma ya toleo la 20, kila moja bila kuiangalia ya mwenzake. Kituo cha lugha humaanisha kwamba programu iliyosakinishwa kwa Kiingereza husoma folda tofauti na ile iliyosakinishwa kwa Kifaransa, hivyo mtu aliyebadili lugha ya programu huweza kuikosa seti yake hata kama hakubadili toleo. Katika hali zote mbili dawa ni kulinakili faili la indk kutoka folda moja hadi nyingine, kuifungua programu upya, na kuichagua seti kwa jina lake kwenye dirisha la mikato.

InDesign ina jambo jingine ambalo huwachanganya hata wazoefu. Mikato ya mitindo, yaani ile inayobonyezwa ili kuipa aya au herufi sura iliyokwisha kupangwa, haimo katika seti ya mikato kabisa. Imo ndani ya waraka, pamoja na mitindo yenyewe. Mpangaji aliyeweka Ctrl na 1 kwa kichwa cha habari na Ctrl na 2 kwa aya ya kwanza ataikuta mikato hiyo ikifanya kazi katika toleo jipya kwa kufungua tu kiolezo chake cha gazeti, hata kama amepoteza seti nzima, na kinyume chake, kulinakili faili la indk hakutamletea hata mmoja wa mikato hiyo katika waraka mpya. Ikumbukwe pia kwamba mikato ya mitindo hukubali tu namba za kibao cha kulia cha kibodi, na kwenye Windows taa ya Num Lock lazima iwe inawaka. Kwa hiyo anayehama kutoka kompyuta ya mezani kwenda ya mapajani isiyo na kibao hicho hudhani kwamba toleo jipya limemharibia kazi, ilhali kilichobadilika ni kibodi.

Wakati mwingine faili huhamishwa salama na mkono bado unakosea, kwa sababu watengenezaji wamebadilisha maana ya kitendo chenyewe. Toleo la Oktoba 2018 la Photoshop, programu ya Adobe ya kurekebisha picha, ni mfano unaokumbukwa na wengi. Kwa miaka mingi, Ctrl na Z katika programu hiyo ilitendua hatua moja ya mwisho tu, na ikibonyezwa tena iliirudisha hatua hiyo. Aliyetaka kurudi nyuma hatua nyingi aliongeza Alt. Toleo hilo liliifanya Ctrl na Z irudi nyuma hatua baada ya hatua, kama ilivyo katika programu nyingine nyingi, na Ctrl, Shift na Z ikawa ya kusonga mbele. Kwa mwanafunzi mpya mabadiliko hayo yalikuwa na faida, na ni haki kusema kwamba yaliondoa tofauti isiyo na sababu. Kwa mrekebishaji picha mzoefu yaliondoa chombo cha kazi, kwa kuwa kubonyeza mara mbili mfululizo ndiko kulikomwonyesha picha kabla na baada ya badiliko, na sasa vidole vyake vilifuta hatua mbili bila yeye kutaka. Adobe iliweka katika dirisha la mikato chaguo la kurudisha utaratibu wa zamani wa kutendua, linaloanza kufanya kazi programu ikifungwa na kufunguliwa upya. Toleo hilohilo liligeuza pia kazi ya Shift wakati wa kukuza picha, ambapo uwiano wa pande ulianza kulindwa bila Shift kushikiliwa, na baadaye chaguo la kurudisha tabia ya awali likaongezwa kwenye mipangilio. Msanifu anayekuta mkono wake unamdanganya baada ya kuhamia toleo jipya atafanya vyema kutafuta kwanza machaguo ya namna hii kabla ya kupanga upya mkato wowote, maana ugonjwa huenda ukawa na dawa ya kubofya mara moja.

Blender, programu huria ya michoro ya pande tatu, ilifanya badiliko kubwa zaidi katika toleo la 2.80 la Julai 2019, pale kuchagua kitu kulipohamishwa kutoka kitufe cha kulia cha kipanya kwenda cha kushoto. Waliofanya uamuzi huo waliushughulikia kwa uangalifu unaostahili kuigwa: mtumiaji aliulizwa mara ya kwanza anapoifungua programu ni kitufe gani anachotaka, seti ya mikato ya matoleo ya 2.7 ikabakizwa ili ichaguliwe na anayeihitaji, na mipangilio ya toleo la zamani ikaweza kuletwa kwa kubofya mara moja. Mtumiaji huweza pia kuitoa mikato yake kama faili, na isipoamriwa vinginevyo, Blender huandika humo makundi ya mikato yaliyobadilishwa tu, hivyo faili huwa fupi na kusomeka.

Kutokana na mifano hii, kazi ya kujilinda huanza kabla toleo jipya halijasakinishwa. Msanifu atafute faili la seti yake na kulinakili hadi mahali pasipohusiana na programu, ama kwenye folda ya kazi zake, ama kwenye flashi, ama kwenye hifadhi ya wingu, na jina la faili liseme ni la programu gani na la toleo gani. Kisha atoe orodha ya mikato inayoweza kusomwa na mtu bila programu. InDesign huifungua seti nzima kama maandishi kwa kitufe kilicho kwenye dirisha la mikato. Photoshop huandika muhtasari unaofunguka kwenye kivinjari. Illustrator hutoa orodha ya maandishi. CorelDRAW hutoa jedwali. Orodha hiyo ina thamani kuliko faili lenyewe katika hali moja, nayo ni pale toleo jipya linapokataa kulisoma faili la zamani, kwa kuwa mtu mwenye orodha huweza kuipanga mikato yote upya kwa asubuhi moja, na asiye nayo hugundua alichopoteza kidogo kidogo, kila mkono unapokosea.

Wakati wa kusakinisha, umakini unahitajika zaidi katika sehemu ambayo watu huipita haraka. Programu ya Creative Cloud ya Adobe, kwa mfano, ina machaguo mawili yaliyofichwa chini ya sehemu ya mipangilio ya ziada: moja ni la kuleta mipangilio ya toleo lililotangulia, na jingine ni la kuondoa matoleo ya zamani. La kwanza liachwe likiwa limechaguliwa. La pili liondolewe alama, ili toleo la zamani lisimame kando ya jipya kwa wiki kadhaa. Si busara kufanya uhamisho huu katikati ya kazi yenye tarehe ya kukabidhi, na ofisi inayochapisha jarida kila mwezi ina wiki moja au mbili tulivu baada ya kila toleo kwenda mtamboni, ambazo ndizo za kufanyia kazi hii.

Baada ya hapo ukaguzi ufanywe kwa waraka wa kweli, kwa sababu dirisha la mikato huweza kuonyesha kila kitu kikiwa mahali pake huku mfumo wa kompyuta au programu nyingine ikivinasa vitufe vilevile kabla havijaifikia programu ya usanifu. Faili la kazi iliyokwisha kukabidhiwa linakiliwe, na msanifu apitie hatua zake za kawaida juu ya nakala hiyo, akiandika kila mkato usioitika. Inafaa pia kulinganisha seti yake na chaguo-msingi jipya, kwa kuwa seti iliyobebwa kutoka toleo hadi toleo kwa miaka kumi huenda haina mkato wowote wa vitu vilivyoongezwa tangu ilipoundwa, na mtu akaendelea kufanya kwa mkono kazi ambayo programu imekwisha kujifunza kuifanya yenyewe.

Ofisi na maduka ambamo kompyuta moja hutumiwa na watu wawili au watatu kwa zamu yana tatizo la ziada, kwa kuwa mipangilio hii hufungwa kwenye akaunti ya mtumiaji wa kompyuta, na wanaoshiriki akaunti moja hushiriki pia folda moja. Njia iliyo safi ni kila mtu kuwa na akaunti yake; pasipowezekana, kila mmoja aunde seti yenye jina lake na kuichagua anapoanza zamu. Kwa ofisi za wachoraji wa ramani, AutoCAD huruhusu faili moja la CUIX la ofisi nzima lisilobadilishwa na watumiaji wa kawaida, ambalo huwekwa kwenye kompyuta kuu na kuhamishwa mara moja tu kwa niaba ya wote.

Jambo jingine linawahusu wasanifu wanaozungumza Kiswahili na kufanya kazi kuvuka mipaka. Kompyuta nyingi za Tanzania na Kenya zina kibodi ya Kiingereza, ilhali katika Kongo na Burundi hupatikana kibodi za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, ambamo A imebadilishana nafasi na Q, na Z imebadilishana na W. Seti ya mikato inayobebwa kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura husomwa bila kasoro, kwa kuwa faili limeandika herufi wala halikuandika mahali pa kidole, lakini Z ya kutendua haiko tena kando ya X, imepanda hadi safu ya juu ya herufi. Mabano ya mraba, ambayo Photoshop huyatumia kupunguza na kuongeza ukubwa wa brashi na ambayo mrekebishaji picha huyabonyeza pasipo kukoma, kwenye kibodi hizo hupatikana kwa kushikilia AltGr, na mkono mmoja hauwezi kuyafikia kwa wepesi uleule. Anayefanya kazi pande zote mbili hutunza seti mbili, moja kwa kila kibodi, na ile ya AZERTY huipangia ukubwa wa brashi vitufe vingine vilivyo karibu na mkono wa kushoto.